WALIPIGA NGOMA, HAWAKUANDIKWA: Kilwa, Lindi na Mastaa Wasio na Majina

Mwezi wa tisa ukifika pwani ya Lindi, upepo wa kusi unaanza kulegea. Ufuta umeshavunwa na kuuzwa, msimu wa korosho ndo kwanza unanukia, na mvua za vuli bado ziko mbali kidogo. Yaani ni kipindi ambacho watu wana chakula ndani, wana visenti mfukoni, na kubwa zaidi wana muda. Ndio maana tangu zamani miezi hii ya katikati, baada ya mavuno na kabla ya jembe, ndiyo miezi ya shughuli. Mwali anatolewa nje, harusi inafungwa, ngoma inalia mpaka jogoo anawika.

Hata kalenda ya kale ya Waswahili iko hivyohivyo. Siku ya Mwaka, ile ambayo Zanzibar wanaiita Mwaka Kogwa, sasa hivi inaangukia mwezi wa saba. Lakini mwaka ule una siku 365 tu, hauna ile siku ya nyongeza ya Februari, kwa hiyo kila baada ya miaka minne unarudi nyuma siku moja. Ukipiga hesabu kurudi karne ya 19, Siku ya Mwaka ilikuwa inaangukia mwishoni mwa Agosti. Watu wa pwani walikuwa wanaingia baharini alfajiri kuoga, wanaondoa moto wa zamani jikoni na kuwasha mpya, halafu wanakula na kucheza. Mwezi wa tisa ukawa unawakuta bado miguu haijapoa.

Sasa jiulize swali moja dogo. Miaka yote hiyo, nani alikuwa anapiga hizo ngoma? Nani alikuwa anatunga nyimbo? Masultani wa Kilwa tunao kwa majina, wakoloni tunao kwa majina na picha juu. Lakini mpigaji, mchezaji, fundi na mwimbaji, hao hawapo kwenye karatasi. Na ukifuatilia vizuri unagundua kitu: historia ya pwani hii wameibeba hao hao wasiotajwa. Twende taratibu.

SARAFU INA JINA LA BOSI, FUNDI HAYUPO

Anza na Kilwa Kisiwani. Kabla hujavuka bahari kutoka Kilwa Masoko, kumbuka kwamba kisiwa kile kidogo kuanzia karne ya 13 mpaka ya 15 kilikuwa moja ya miji tajiri kuliko yote Afrika Mashariki. Dhahabu ya Sofala, kule ambako leo ni Msumbiji, ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100, lenye bwawa la maji la pembe nane na ua wenye ngazi pembeni ambako watu wengi wangeweza kukaa. Kumbuka hiyo ni karne ya 14! Leo magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, tangu 1981.

Kilwa pia walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Na hapa ndio utamu ulipo. Sarafu nyingi upande mmoja zina jina la sultani, upande wa pili zina maneno ya kumtegemea Mungu, na hizo pande mbili zina vina! Yaani ukisoma upande huu na ule, mwisho unafanana kama mistari miwili ya shairi. Watu walikuwa wanatembea na mashairi mfukoni, wananunulia samaki. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake, na tano kati ya hizo zikaja kutambuliwa kuwa ni za Kilwa. Shairi la Kilwa lilikuwa limelala mchangani upande wa pili wa Bahari ya Hindi.

Lakini fundi aliyechonga muhuri wa kugongea ile shaba, aliyekaa akapanga vina vikae sawa kwenye kiduara kidogo, huyo anaitwa nani? Hayupo. Jina lililobaki ni la aliyeagiza.

Mwaka 1331 msafiri maarufu Ibn Battuta alifika Kilwa. Akamsifia sultani huyohuyo al-Hasan kwa ukarimu wake, mpaka akasimulia tukio lililotokea Ijumaa moja baada ya swala. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Watu wakashangilia. Mtoto wa sultani akazichukua zile nguo kutoka kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akamwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Stori nzuri ya ukarimu, si ndio? Isome tena taratibu. Sultani ana jina. Fakiri hana jina, ila ana maneno, anaomba na anajibiwa. Halafu kuna watu ishirini wanaotolewa kama zawadi. Hao hawana jina na hawana neno hata moja. Wanapita kwenye stori kama mizigo ya pembe. Ukitaka kujua historia inavyoandikwa, iko yote hapo kwenye aya moja.

Mfano mwingine uko Ulaya. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa, akamlazimisha mtawala kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ikafikishwa Lisbon, ikatengenezwa chombo cha ibada kinachoitwa Custódia de Belém, kikakamilika 1506. Mpaka leo kipo kwenye jumba la makumbusho Lisbon, kinang'aa. Kimeandikwa jina la Mfalme Manuel, kimeandikwa jina la Kilwa, na aliyekitengeneza, Gil Vicente, anajulikana. Wachimbaji waliotoa dhahabu ardhini, wapagazi waliobeba, mabaharia waliopandisha jahazi mpaka Kilwa, hao hakuna. Na mwaka 1505, kabla hata chombo hakijakamilika, Wareno walirudi na meli za Francisco de Almeida wakauteka mji wenyewe na kuupora.

KIVINJE: WALIONYANG'ANYWA KILA KITU WAKABAKI NA NGOMA

Panda gari kutoka Masoko uelekee kaskazini, unafika Kilwa Kivinje. Ukiona zile nyumba za zamani zinazobomoka taratibu na bahari imetulia, huwezi kudhani kwamba karne ya 19 hii ndiyo ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika pwani hii. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa na bara ya kusini, ikaishia hapa. Miaka ya 1860 watu karibu 20,000 kwa mwaka walipitishwa Kilwa, wengi wao wakipelekwa Zanzibar, mpaka Sultani Barghash aliposaini mkataba wa kufunga soko la watumwa Juni 1873. Na hata baada ya hapo biashara iliendelea kwa magendo.

Mtu anayepitishwa Kivinje alikuwa ameshapoteza kijiji, ndugu, mara nyingi hata jina lenyewe, maana akifika anapewa jipya na aliyemnunua. Kitu gani huwezi kumnyang'anya mtu? Kile kilichomo mwilini. Namna ya kukanyaga chini, namna ya kuzungusha kiuno, wimbo aliofundishwa na bibi siku alipovunja ungo.

Wanawake wa Kiyao, Kinyasa, Kimakonde na wengine walifika Zanzibar na unyago wao. Wakiwa kule wakauunda upya, makabila tofauti kwenye uwanja mmoja, na mpaka leo watafiti wa historia ya Zanzibar wanakubali kwamba unyago wa visiwani una mizizi yake bara, kwa watu hawa. Yule bibi ambaye dunia nzima ilimjua akiwa amefunga ngoma kiunoni, Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa kungwi wa unyago kabla hata ya kuwa staa wa majukwaa ya Ulaya. Watu wakampigia makofi kwa haki kabisa. Lakini mkono ule ulikuwa unapiga kitu kilichopita kwenye mikono ya wanawake wasiohesabika, na sehemu kubwa ya njia ya mikono hiyo ilipita Kilwa.

Hata neno msondo unalolijua wewe limeanzia huko. Msondo ni ngoma ndefu ya wanawake, ngoma ya mwali. Wanamuziki wa dansi wa Dar wakalichukua jina wakaita mtindo wao, na ile bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ikapita JUWATA na OTTU, leo inaitwa Msondo Ngoma. Wanaume wa bendi wana majina kwenye santuri. Bibi aliyewaachia neno hana.

NGARAMBE 1905: VITA ILIYOANZA KAMA HARUSI

Shuleni kila mtu amesoma Maji Maji. Kinjikitile Ngwale, maji ya dawa, risasi kugeuka maji, Wajerumani wakashinda, mwisho wa kipindi, kengele imelia. Kitu ambacho wengi hawajakisikia ni jinsi ilivyokuwa kabla ya risasi ya kwanza.

Kuanzia 1904 watu walianza kumiminika Ngarambe, kwa Kinjikitile, kutoka Umatumbi, Ungindo, Rufiji na pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gilbert Gwassa alipokwenda kuzungumza na wazee waliokuwepo, mzee mmoja aliifananisha ile misafara na msafara wa harusi: watu wanaimba, wanacheza, wanapiga vigelegele njia nzima. Wakifika wanalala hapohapo, na kila kundi linacheza likinda.

Likinda ilikuwa nini? Ukiitazama kwa mbali ni ngoma. Watu kwenye mistari, wanasogea pamoja, wanageuka pamoja, wanaitikia pamoja. Ukiitazama vizuri ni kwata ya vita. Mkulima ambaye hajawahi kushika silaha kwa amri ya mtu alikuwa anafundishwa kutii ishara moja, kwenda na mwenzake bega kwa bega, tena na mtu wa kabila lingine ambaye mwaka juzi walikuwa hawasalimiani. Na kwa macho ya mtawala wa Kijerumani, ngoma ya wenyeji ni ngoma tu, kelele za usiku.

Mwishoni mwa Julai 1905, msimu wa mavuno ya pamba waliyolazimishwa kulima, Wamatumbi wa Nandete wakaing'oa miche ya pamba shambani. Hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, lakini moto ulishashika, ukaenea mpaka Songea na Mahenge. Wajerumani wakajibu kwa bunduki na baadaye kwa kuchoma vyakula, na waliokufa, wengi kwa njaa, wanakadiriwa kuanzia 75,000 mpaka zaidi ya 250,000. Angalia pengo kati ya hizo namba mbili. Hawa hawakukosa majina peke yake. Hata idadi yao haijulikani.

Lakini kuna jambo la kushika hapa. Majina ya waliong'oa miche ya kwanza Nandete tunayo: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Yamepatikanaje? Hayakutoka kwenye ripoti ya Mjerumani. Yametoka midomoni mwa wazee, zaidi ya miaka 60 baadaye, kwa sababu mtu alikwenda, akakaa chini, akauliza. Ingepita miaka kumi mingine bila mtu kuuliza, na hayo nayo yangezikwa.

Watu wa pwani wenyewe nao hawakukaa kimya. Mjini Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi mzima kuhusu vita hiyo, kwa Kiswahili, na ukaja kuchapishwa mwaka 1957. Na mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hiihii ya kusini, akaandika tamthilia ya Kinjeketile iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi. Ona sasa: ilianza kwa ngoma, ikaingia kwenye utenzi, ikafika jukwaani. Watunzi wana majina na wanastahili. Waliocheza likinda usiku ule Ngarambe ndio hawana.

BENI: MAGWANDA YA BANDIA, HESHIMA YA KWELI

Vita ya Kwanza ya Dunia ikaikuta pwani hii bado haijapona. Waingereza waliingia Lindi Septemba 1916, na Oktoba 1917 kule Mahiwa, ndani kidogo ya Lindi, kukapiganwa moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita ile Afrika Mashariki. Wazungu waligombana, waliobeba mizigo walikuwa Waafrika. Jina la Kariakoo unalolitaja kila siku ukienda kununua viatu limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Walioponea walirudi na kitu: beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Ngoma kubwa, tarumbeta kwa mwenye nazo, kwata, magwanda, vyeo. Makundi mawili makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini, makarani na waliosoma kidogo. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za jasho na waliotoka bara. Askari na wapagazi wakaisambaza kila walikokwenda, mpaka miji ya pwani ya kusini, Lindi ikiwemo, na kuvuka mpaka Malawi na Zambia kwa majina mengine.

Kila kundi lilikuwa na Kingi wake, Kaiza wake, majenerali, hata dokta. Ukiangalia haraka unaweza kucheka: watu wanatawaliwa halafu wanacheza kuwa watawala! Lakini hebu fikiria mpagazi aliyeitwa "boi" wiki nzima. Jumamosi anavaa gwanda lake, anapigiwa saluti, anapita katikati ya mji na watu wanampisha. Na haikuwa maigizo tupu. Mwanachama akiumwa, kundi linamtazama. Akifa mbali na kwao, kundi linamzika. Ilikuwa kikoba, bima na fan club kwa wakati mmoja, miaka mingi kabla mtu hajasikia neno bima.

Na mashindano yalikuwa ya moto. Kundi hili likichinja ng'ombe mmoja, lile linatafuta wawili. Nyimbo za kupigana vijembe zinatungwa asubuhi zinaimbwa jioni. Wewe unayefuatilia bifu za wasanii mtandaoni, jua babu zako walimaliza mchezo huo zamani sana, tena bila bando.

Waingereza wakaingiwa na wasiwasi, wakaichunguza baada ya vita wakitafuta kama kuna siasa ndani. Majalada yao yamejaa vyeo vya bandia: Kingi fulani, Jenerali fulani. Majina halisi ya wachezaji wa kawaida ni machache mno. Kwa hiyo tunajua kulikuwa na Kaiza, hatujui alikuwa mtoto wa nani.

KUTOKA LELEMAMA MPAKA KADI YA CHAMA

Wanawake wa pwani walikuwa na vyama vyao vya ngoma, maarufu zaidi lelemama. Sare moja, viongozi wao, michango yao, shughuli zao. Mwaka 1955 TANU, iliyoanzishwa Julai 1954, ilikuwa inahitaji wanachama wanawake Dar es Salaam na haikuwa na pa kuanzia. Bibi Titi Mohamed ndiye aliyejua pa kuanzia, maana yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Hakwenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Kiongozi akikubali, kundi zima linakuja. Ndani ya miezi michache wanawake karibu 5,000 walikuwa na kadi.

Bibi Titi tunamjua na barabara anayo. Hao viongozi wa vikundi, akina mama waliosema "haya, tunakuja", na maelfu waliokuja nyuma yao, wangapi unawataja? Uhuru huu ulipitia kwenye mtandao wa watu waliozoea kuchangiana sare ya ngoma.

Desemba 1962, kwenye hotuba ya kuzaliwa kwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliwashangaa wasomi wa wakati ule waliojua rumba na chachacha lakini hawajawahi hata kusikia ngoma kama gombe sugu au lelemama. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, na sindimba ya Wamakonde wa kusini ikapanda jukwaa la taifa na kuwa maarufu nchi nzima. Ilikuwa heshima kubwa, hilo halina ubishi. Ila kuna kitu kilipotea njiani. Ngoma iliyokuwa ya kijiji fulani, ya shughuli fulani, ya mpigaji fulani, ikawa "ngoma ya asili". Neno "asili" ni tamu lakini lina ujanja wake: linafanya ionekane kama ngoma imeota yenyewe porini kama mchicha pori, haina mtunzi.

WASIOTAJWA WAKO WA AINA MBILI

Hapa inabidi tuwe makini. Kutotajwa kuko kwa aina mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Ya kwanza ni kunyimwa. Wale watu ishirini wa Ibn Battuta walinyimwa. Waliopitishwa Kivinje walinyimwa. Fundi wa sarafu, mpagazi wa Mahiwa, mama wa lelemama, wote hao mwenye kalamu hakuona kama wana umuhimu. Hiyo ni dhuluma, na dawa yake ni kuuliza na kuandika.

Ya pili ni kujificha kwa makusudi. Kungwi hataki nyimbo za unyago zisikike kwa wasiohusika. Nyimbo zile zina mafumbo ambayo mwali anafumbuliwa akiwa ndani, na akitoka nje anatunza mdomo. Kungwi hajasahaulika, amekaa kimya kwa sababu kazi yake inataka hivyo. Mtu akiingiza simu kwa siri, akarekodi, akapandisha mtandaoni apate views, hajaokoa utamaduni wowote. Amefanya kilekile alichofanya mwenye nguvu miaka yote: kachukua kitu, kamuacha mwenyewe.

Na simu ndiyo kalamu ya siku hizi. Angalia video za ngoma za kusini zinazozunguka. Zimejaa watu wanaojua kazi, mzee anapiga chapuo mpaka unasisimka, bibi anacheza kama hana mifupa. Chini yake maelezo ni "dah kusini noma sana" na emoji za moto. Jina la aliyeposti lipo juu kabisa. Jina la mzee halipo. Kijiji hakipo. Ngoma yenyewe haitajwi, au inatajwa siyo. Ndani ya sekunde thelathini ile sarafu ya Kilwa imegongwa upya: mwenye muhuri kaonekana, fundi kapotea.

Tofauti ni kwamba zamani kisingizio kilikuwepo. Wino ulikuwa wa wachache, karatasi ilitoka mbali, na mwenye kalamu hakuwa mtu wa hapa. Leo mwenye kalamu ni kijana wa Lindi mjini, wa Kivinje, wa Mbagala ambaye wazazi wake wametoka Kilwa, na anaongea lugha moja na mpigaji. Kuuliza "babu, shikamoo, unaitwa nani, ngoma hii inaitwaje, ulifundishwa na nani, naomba ruhusa niirushe?" haichukui hata dakika moja. Babu akikataa, simu inarudi mfukoni na heshima inabaki. Akikubali, basi kuna mtu mmoja ambaye hatapita kwenye historia kama mzigo wa pembe.

Mzee wa Umatumbi aliyemsimulia Gwassa hakuwa na kalamu wala simu. Alikuwa na kumbukumbu tu, akasubiri zaidi ya miaka 60 mpaka mtu akamuuliza. Wazee wanaojua nani alikuwa Kingi wa beni mtaani kwao, nani alikuwa anaanzisha wimbo kwenye lelemama, nani alitengeneza ule msondo ulioko darini, bado wapo wachache. Miaka 60 mingine hawana.

Haya, mtu wa kusini na wewe unayetoka kwingine: kwenu nani alikuwa anapiga ngoma? Mtaje jina.